Maisha ya Jokofu Yako Mgongoni

Mnunuzi wa jokofu katika maduka ya vyombo vya umeme, yawe ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, kwa kawaida huangalia rangi, idadi ya rafu, ujazo wa lita na ukubwa wa friza, na ni nadra kumwona akiomba kifaa kigeuzwe ili autazame mgongo wake. Hata hivyo, ni huko nyuma, na kwenye kibandiko kidogo kilichobandikwa ndani ya mlango au ubavuni, ambako huamuliwa kama chombo hicho kitadumu miaka 15 au kitaanza kumpeleka mwenyewe kwa fundi kabla dhamana haijaisha.

Sababu ya msingi ni kwamba jokofu huhamisha joto kutoka ndani kwenda nje, na baridi inayohisiwa mlango ukifunguliwa ni pengo lililoachwa na joto lililoondolewa. Kompresa, yaani pampu yenye mota inayokaa chini nyuma ya kifaa, huishindilia gesi hadi ikapata moto na kuisukuma kwenye kondensa, ambayo ni mirija inayolitoa joto hilo kwa hewa ya jikoni na kuiacha gesi ikigeuka kimiminika. Kimiminika hicho hupenyezwa katika mrija mwembamba sana, na kinapotokea upande wa pili, penye shinikizo dogo, huchemka na kuwa mvuke tena huku kikifyonza joto la vyakula kupitia sehemu iitwayo ivapoleta; kisha mvuke hurudi kwenye kompresa na mzunguko huanza upya. Joto linalotolewa nyuma ni lile lililokuwa katika chakula pamoja na lile la kazi ya mota yenyewe, na ndiyo maana anayeacha mlango wa jokofu wazi ili apate ubaridi chumbani huishia kulipasha joto jiko lake.

Katika majokofu ya zamani kondensa ilionekana wazi, kwa kuwa ilikuwa wavu mweusi wa chuma mgongoni, lakini katika mengi ya sasa mirija hiyo imefichwa ndani ya kuta za ubavuni. Mwenye jokofu la aina hii akigusa ubavu na kuukuta una moto hudhani kuna hitilafu, ilhali ndivyo linavyopaswa kuwa. Hatari huja pale jokofu linapovikwa kitambaa kizito chenye mifuko ya kuwekea vijiko na bili, pambo linalopendwa sana katika nyumba za Afrika Mashariki, kikaning'inia pande zote mbili na kufunika sehemu ile ile ambayo joto lilikusudiwa litokee. Kitambaa chepesi kinachoishia juu hakina ubaya, ila kinachoshuka ubavuni hulifanya jokofu lifanye kazi likiwa limevishwa blanketi.

Kibandiko nacho hubeba herufi ambazo wauzaji wachache huzieleza. Herufi hizo hutaja tabaka la hali ya hewa, yaani kiwango cha joto la chumba ambacho jokofu limesanifiwa kukimudu: SN ni kuanzia nyuzi 10 hadi 32 za Selsiasi, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Jiko la Tanga, Mombasa au Zanzibar, lenye dirisha dogo na sufuria mbili motoni, huvuka nyuzi 32 bila shida, kwa hiyo jokofu la N lililotumika Ulaya kisha likauzwa kama mtumba ufukweni mwa Bahari ya Hindi hulazimika kuzungusha kompresa karibu mchana kutwa, na bei nafuu iliyolipwa dukani hulipwa tena kidogo kidogo kupitia umeme. Kosa la upande wa pili halizungumzwi sana. Katika nyanda za baridi kama Njombe na Makete, ambako usiku wa Juni na Julai huweza kushuka chini ya nyuzi 10, jokofu lenye friza na thamostati moja tu huweza kuyeyusha nyama ya friza kwa sababu chumba ni baridi mno. Thamostati, yaani kifaa cha kuhisi joto na kuamuru kompresa iwake au izime, hupima sehemu ya chini peke yake. Ikiikuta tayari ina ubaridi wa kutosha haiwashi mota, na friza, inayohitaji nyuzi 18 chini ya sifuri, hubaki bila wa kuihudumia. Anayeishi huko hufaa atafute jokofu lililoandikwa SN-T, ambalo huvumilia ncha zote mbili.

Ufungaji huanza kabla ya plagi kufika ukutani. Jokofu lililosafirishwa likiwa limelazwa kwenye kirikuu au guta huwa limeruhusu mafuta ya kompresa kutiririka kuingia katika mirija, hivyo inapasa lisimamishwe na kuachwa kwa saa kadhaa, na wengine hupendelea usiku mzima, ili mafuta yarudi mahali pake. Nafasi ya upana wa kiganja nyuma na juu hutosha kwa majokofu mengi kupitisha hewa, ingawa kauli ya mwisho ni ya kitabu cha maelekezo. Jua la dirishani na jiko la gesi ni majirani wabaya. Miguu ya mbele huinuliwa kidogo kuliko ya nyuma ili mlango ujirudishe wenyewe. Waya wa ardhi, ambao kazi yake ni kuupa umeme uliovuja njia ya kwenda ardhini badala ya kupita katika mwili wa mtu, si jambo la hiari, na mpishi anayesimama peku kwenye sakafu yenye maji akahisi mkono unatetema anaposhika mlango hana budi kuchomoa plagi na kumwita fundi umeme, wala asiridhike na ushauri wa kuvaa ndala.

Adui mkubwa kuliko joto ni umeme usiotulia. Nguvu ya kuzungusha ya mota ya kawaida hupungua kwa kipeo cha pili cha volti, maana yake ni kwamba umeme ukishuka kutoka volti 230, ambazo ndizo kiwango cha Tanzania, hadi volti 180, mota hubakiwa na takriban asilimia 61 tu ya nguvu hiyo. Hunguruma bila kuzunguka, huvuta umeme mwingi na kupata moto hadi waya zake zikaungua. Hali hiyo huwa mbaya zaidi umeme unapokatika na kurudi ndani ya sekunde chache, kwa sababu shinikizo la gesi upande wa kondensa huhitaji dakika kadhaa kusawazika, na kompresa inayolazimishwa kuanza kabla ya hapo hujikuta ikisukuma ukuta. Mlio wa “kat” unaosikika nyuma kila baada ya muda mfupi ni swichi ya usalama ikikata umeme kuiokoa mota. Kifaa ambacho wauzaji hukiita friji gadi hukata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi, kisha husubiri dakika chache kabla ya kuurudisha, na kwa nyumba zinazosumbuliwa na umeme wa kupanda na kushuka ni ununuzi wenye maana kuliko lita 50 za ziada.

Katika matumizi, namba za kwenye kitufe cha thamostati si nyuzi joto, na kipimajoto kidogo kilichotumbukizwa katika bilauri ya maji na kuachwa rafuni usiku kucha hueleza ukweli zaidi: sehemu ya chini inatakiwa isizidi nyuzi 4 au 5. Kwa wakazi wa pwani kiwango hiki kina uzito wa pekee kwa ajili ya samaki. Jodari na vibua wakikaa katika joto, bakteria hugeuza kijenzi kimoja cha protini yao kuwa histamini, kemikali inayoleta uso mwekundu, kichwa kuuma na mwili kuwasha, na ambayo haiharibiwi na mafuta ya kukaangia wala haiondolewi na kugandishwa baadaye. Jokofu huzuia uharibifu usianze. Ukishatokea haliurudishi nyuma. Nyumba zinazogandisha barafu za mfuko kwa ajili ya kuuza nazo hulitwisha jokofu mzigo usioonekana: kupoza kilo moja ya maji kutoka nyuzi 30 hadi sifuri huhitaji kuondoa takriban kilojuli 126, lakini kuyageuza maji hayo hayo kuwa barafu huhitaji kilojuli 334 nyingine. Hesabu hiyo hiyo huwa msaada umeme ukikatika, kwani chupa za barafu hufyonza joto jingi kabla ya kuyeyuka. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukadiriwa kuhifadhi ubaridi kwa saa 48, iliyojaa nusu saa 24, na sehemu ya chini saa 4 tu, ingawa katika jiko lenye fukuto ni busara kuhesabu pungufu.

Matunzo ni mepesi kuyataja. Kondensa iliyo wazi husuguliwa vumbi kwa brashi laini plagi ikiwa imechomolewa, tundu la kupitishia maji nyuma ya droo ya mboga huzibuliwa, na mpira wa mlango hufutwa kwa maji ya sabuni, kisha hupimwa kwa kubana noti katikati yake na kuivuta; ikitoka bila kushikwa, hewa ya moto inaingia. Barafu inayojijenga katika friza ikifikia unene wa milimita 5 huyeyushwa kwa kuzima jokofu na kuweka beseni la maji ya moto ndani. Kuibandua kwa kisu ni njia ya haraka ya kutoboa ivapoleta, na tundu moja la ncha ya kisu huachia gesi yote.

Hapo ndipo huanza mazungumzo ya “gesi imeisha”, kauli inayostahili kutiliwa shaka. Gesi ya jokofu haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Mzunguko umefungwa, na ikipungua kuna mahali inavuja, hivyo fundi anayeongeza gesi bila kutafuta na kuziba tundu anauza huduma atakayoiuza tena baada ya miezi. Aina ya gesi nayo ina historia. R12, iliyotawala majokofu ya karne ya 20, ilibainika kula tabaka la ozoni baada ya Mario Molina na Sherwood Rowland kuchapisha hoja yao mwaka 1974, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa. Iliyoshika nafasi yake, R134a, haigusi ozoni lakini hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya kaboni dayoksaidi kwa uzito ule ule, na ni jijini Kigali, Oktoba 2016, ambako mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Majokofu mengi mapya hutumia R600a, ambayo ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia. Hutiwa kwa makumi machache ya gramu tu, lakini huwaka, kwa hiyo fundi hatakiwi kuwasha moto wa kulehemu kabla ya kuiondoa, wala kujaza R134a mahali pake kwa sababu tu ndiyo iliyomo katika mtungi wake.

Jokofu lililokufa huendelea kuwa na gesi. Majokofu ya zamani yaliyogeuzwa makabati ya kuhifadhia sukari na unga huweza kuwa bado na R12 katika mirija, na mnunuzi wa vyuma chakavu anayeikata ili apate shaba huachia gesi yote angani. Fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi na mtungi wa kuihifadhia anaweza kuitoa kabla chombo hakijauzwa kwa kilo.