Lusangi: Namna ya kuchagua regilateri ya televizyo na taa

Kule Lusangi, kama vijiji vingi vya Kasongo na Kabambare, televizyo na taa za jioni zinategemea plake ya sola na batri. Regilateri, kile chombo kidogo cha katikati, ndicho kinafanya batri idumu ao ife mbio.

Kwanza, hesabu. Televizyo ya wati 30 na taa nne za wati 5 ni wati 50. Kwa batri ya volti 12, ni karibu amperi 4. Plake ya wati 100 inatoa karibu amperi 6. Basi regilateri ya amperi 10 inatosha, na ile ya PWM, yenye bei ndogo, inafaa.

Pili, uhakikishe inakata umeme yenyewe batri ya asidi ikishuka karibu volti 11. Bila hiyo, watu wanaangalia mupira mpaka batri inakauka, na batri inayokaushwa kila mara haikawii kuharibika.

Tatu, regilateri nyingi ziko na kifungo cha kuwasha taa giza likiingia. Lakini televizyo ikifungwa pale pale, nayo itafuata saa za taa. Afazali kuiweka iwake wakati wote, na kila taa iwe na swichi yake.

Konvertiseri isifungwe kwenye alama ya taa. Ifungwe kwenye batri, pamoja na fyuzi. Na siku ya kufunga: batri kwanza, plake nyuma.