Siku ya Kwanza Kambini: Isha Ilipoingia Saa Tano Usiku

Mwezi wa Julai uliopita tulimpeleka mwanetu wa miaka 14 katika kambi ya tenisi ya wiki moja mjini Manacor, kisiwani Mallorca, Hispania. Ndiko alikozaliwa Rafael Nadal, aliyetwaa ubingwa wa mashindano ya Ufaransa mara 14.

Asubuhi walimu waliwapima watoto ili wawapange katika makundi. Mwanetu, aliyezoea viwanja vya saruji vya Dar es Salaam, alikutana na udongo mwekundu. Juu ya udongo huo mpira hupungua kasi na kudunda juu zaidi, na mchezaji hulazimika kuteleza ili aufikie. Alianguka mara mbili. Yeye aliyewashinda wenzake nyumbani akapangwa kundi la chini. Aliinamisha kichwa, lakini hakulalamika.

Mchana, nyama ya nguruwe iliyokaushwa ilikuwa imetandazwa mezani. Alimwuliza mpishi, akachukua wali, samaki na mayai.

Mtihani ulikuja jioni. Kwetu jua huzama kabla ya saa moja. Kule, mwezi wa Julai, Magharibi huingia baada ya saa tatu usiku, na Isha karibu na saa tano. Kanuni ya kambi ilikuwa kuzima taa saa nne. Wala hakuwa na ruhusa ya msafiri, kwani katika madhehebu ya Imamu Shafi, anayekusudia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi Sala wala hazikusanyi.

Tulipokwenda kumuaga, msimamizi alikuwa akisoma kanuni. Mmoja wetu alitaka kumsemea mtoto. Mwingine akamshika mkono. Tukanyamaza. Mwanetu akasimama, akaeleza kwa Kiingereza cha kusitasita kwamba ana Sala moja baada ya taa kuzimwa na nyingine kabla ya jua kuchomoza. Msimamizi alifikiri, kisha akamruhusu kutumia chumba cha kusomea. Akauliza jambo moja tu: nani atakuamsha?

"Nitaamka mwenyewe," mwanetu akajibu.

Tukatazamana. Nyumbani hapajapita Alfajiri tusiyomgongea mlango.

Usiku ule hotelini usingizi haukutujia. Alfajiri ilipoingia tulikuwa tumeshika simu, tukitaka kumpigia. Tukaiweka chini, tukasali, tukamwombea.

Saa tatu asubuhi tulimkuta uwanjani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hatukumwuliza. Alitusalimu, kisha akasema, "Baba, kibla cha huku si kaskazini kama kwetu. Ni mashariki, kimeinama kidogo kusini."

Wazazi wenzetu, tangu alipotimiza miaka saba tumekuwa tukimwamrisha Sala. Siku ile tulijua kwamba kumwamrisha kuna wakati wake, na kumwachia asimame mwenyewe kuna wakati wake pia. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, wakiwa machoni petu na wakiwa mbali nasi. Amin.