Tumbo Lililopunguzwa na Miaka Inayofuata

Upasuaji wa kupunguza uzito hubadilisha umbo la tumbo au njia inayopitwa na chakula, na mabadiliko hayo hukaa na mtu maisha yake yote. Unaofanywa zaidi duniani leo ni ule wa kulikata tumbo likabaki kama mrija: asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo huondolewa, na kilichoondolewa hakirudi. Wa pili ni baipasi, iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kwenye miaka ya 1960 kwa kazi ya madaktari Edward Mason na Chikashi Ito. Hapo daktari hutenga kifuko kidogo cha mililita 30 hivi upande wa juu wa tumbo, akakiunganisha na utumbo mwembamba sehemu ya mbele zaidi. Sehemu kubwa ya tumbo na duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, hubaki mwilini, lakini chakula hakipiti tena humo. Puto linalowekwa tumboni, kama lile la Hospitali ya Mloganzila jijini Dar es Salaam, ni jambo tofauti: halihitaji kisu, na hutolewa baada ya miezi kadhaa.

Faida za upasuaji ni kubwa. Kwa wengi sukari hushuka, mara nyingine hata kabla uzito haujapungua sana, kwa sababu homoni za utumbo hubadilika na ghrelini, homoni ya njaa, hupungua. Shinikizo la damu hutulia na magoti hupumua. Makala haya yanahusu upande wa pili: mwili huo mpya unavyotunzwa mwaka wa tano, wa kumi na wa ishirini.

Jambo la kwanza kubadilika ni ulaji. Tonge la ugali la kawaida, likimezwa haraka, hukwama nyuma ya mfupa wa kifua. Mate hujaa mdomoni, kifua hubana, na aghalabu tonge hurudi lilikotoka. Nyama kavu, wali uliokauka na mkate laini hufanya vivyo hivyo. Chakula hutafunwa mpaka kiwe kama uji. Maji hayanywewi pamoja na mlo. Husubiri nusu saa hivi. Kwa kuwa nafasi ni ndogo, protini hutangulia: mtu anahitaji gramu 60 hadi 80 kwa siku, na yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo dagaa, samaki, maziwa na maharage hupewa nafasi kabla ya wanga. Protini ikikosekana misuli hulika, na nywele ambazo kwa kawaida hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita huchelewa kurudi. Ugumu mkubwa huwa kwenye sinia la pamoja, ambapo mwenyeji husisitiza mgeni aongeze kidogo. Familia ikielezwa mapema, mgeni huyo halazimiki kuchagua kati ya adabu na maumivu.

Sukari ina kisa chake, hasa kwa waliofanyiwa baipasi. Tuseme ni wakati wa futari, na mtu anafungulia kaimati tatu zenye shira na bilauri ya juisi. Zamani tumbo lingevitoa vyakula hivyo kidogo kidogo. Sasa vinamiminika utumbo mwembamba kwa mkupuo, na utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu ili kuvizimua. Katika dakika 10 hadi 30 moyo unapiga mbio, jasho linatoka, tumbo linasokota, na kuhara kunaweza kufuata. Aina ya pili ya hali hii huja saa moja hadi tatu baada ya kula: kongosho limemwaga insulini nyingi kupita kiasi, sukari ya damu inaporomoka, na mtu anatetemeka, anachanganyikiwa, hata kuzimia. Wengine hudhani ni presha au malaria. Kinga ni kuacha vinywaji vitamu na kuanza na protini. Anayetaka kufunga Ramadhani huzungumza kwanza na daktari wake. Katika miezi ya mwanzo mwili bado hauwezi kukaa siku nzima bila maji, na wataalamu wengi hushauri kusubiri mwaka mmoja au zaidi.

Upungufu wa vitamini na madini ndio unaohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote, kwa kuwa huja kimya. Vitamini B12 huhitaji asidi na protini maalumu itokayo kwenye ukuta wa tumbo ndipo ifyonzwe. Vyote viwili vimepungua. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, hivyo mtu huweza kuishi miaka miwili au mitatu bila dalili, akaamini vidonge havina kazi, akaviacha. Kisha huja uchovu, ganzi ya vidole vya miguu, kusahau na kuyumba, na mishipa ya fahamu iliyoharibika kwa muda mrefu huweza isipone kabisa. Sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi, au kidonge cha kila siku chenye dozi kubwa, huzuia yote hayo kwa gharama ndogo.

Madini ya chuma hufyonzwa zaidi kwenye duodeni, sehemu ile ile ambayo baipasi imeiruka. Mwanamke anayepata hedhi ndiye aliye hatarini zaidi. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma kufyonzwa, jambo zito kwa watu ambao mlo wao haukamiliki bila kikombe. Kalsiamu nayo huzuia chuma, kwa hiyo hutenganishwa kwa saa mbili au zaidi. Kalsiamu ya sitreti hufaa kuliko ya kaboneti, maana haitegemei asidi ya tumbo. Kiasi cha kawaida ni miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, kwa mafungu, pamoja na vitamini D, la sivyo mwili hukopa kutoka kwenye mifupa. Hatari ya haraka kuliko zote ni upungufu wa tiamini: mtu anayetapika mfululizo kwa wiki kadhaa, kisha macho yakaanza kucheza na miguu kukosa mizani, apewe tiamini kwa sindano kabla ya dripu ya glukosi, maana glukosi peke yake huweza kuumiza ubongo wake.

Dawa za kawaida pia hubadilika tabia. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo kila duka la dawa huuza kwa maumivu ya mgongo, huweza kuchimba kidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo, na sigara huzidisha hatari hiyo. Parasetamoli ni salama zaidi. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari hupunguziwa dozi mapema ili sukari isishuke mno. Kwa wanaotumia ARV zenye dolutegraviri, vidonge vya kalsiamu na chuma huinasa dawa hiyo tumboni isifyonzwe. Humezwa saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baada yake, na kliniki hupaswa kujua kuwa mtu amefanyiwa upasuaji.

Maumivu ya tumbo baada ya baipasi hayapaswi kuitwa gesi kwa urahisi. Uzito unapopungua, mafuta yaliyokuwa yakijaza mianya kati ya matumbo huyeyuka, na utumbo huweza kupenya na kunaswa humo, hata miaka mingi baadaye. Maumivu huja kwa kusokota, mara nyingi baada ya kula, wakati mwingine yakipenya hadi mgongoni. Ni dharura ya upasuaji. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hufanyiwa upasuaji India au kwingineko, wakarudi kwenye hospitali ambako muuguzi wa zamu hajawahi kukutana na baipasi. Kwa hiyo karatasi yenye jina la upasuaji, tarehe na mchoro wake hubebwa kama kitambulisho. Kwa waliobaki na mrija, tatizo la kawaida zaidi ni kiungulia, ambacho kikidumu huhitaji kipimo cha kamera. Mawe ya nyongo huwapata wengi uzito unaposhuka haraka. Mawe ya figo nayo huongezeka baada ya baipasi, kwa sababu oksalati nyingi hufyonzwa. Mchicha una oksalati nyingi, na kuuchemsha na kumwaga maji yake huipunguza.

Uzito wenyewe haubaki pale ulipofika. Katika utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza 1987, waliofanyiwa baipasi walipungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza hadi wa pili, na baada ya miaka 10 upungufu ulikuwa asilimia 25. Kurudi kidogo ni kazi ya mwili, wala si uvivu wa mgonjwa, na kumlaumu humfanya akimbie kliniki. Mzigo mwingine hutoka mtaani. Mahali ambapo kukonda haraka bado huhusishwa na UKIMWI, majirani hunong'ona, na mtu hulazimika kueleza siri za mwili wake au kukaa kimya. Ngozi iliyolegea hukunjamana na kupata vipele kwenye mikunjo. Pombe hupanda kichwani haraka, na baadhi ya watu huanza kuitegemea kuanzia mwaka wa pili. Wengine huingia kwenye huzuni nzito wasiyoitarajia, na hao huhitaji mtu wa kuzungumza naye kama wanavyohitaji B12.

Kwa wanawake, uzazi hurejea haraka kuliko wanavyodhani, wakati vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki sana baada ya baipasi. Mimba husubirishwa miezi 12 hadi 18, kwa sindano, kipandikizi au kitanzi. Mjamzito aliyefanyiwa baipasi hapewi kinywaji cha glukosi cha kupima kisukari. Hupimwa sukari nyumbani kwa wiki moja.

Damu hupimwa mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kisha kila mwaka: wingi wa damu, chuma, B12, foleti, vitamini D, kalsiamu na homoni ya parathiroidi. Kipimo cha msongamano wa mifupa hufuata pale kinapopatikana. Ratiba hii haina mwaka wa mwisho, na anayejisikia mzima kabisa hupimwa sawa na mwenye dalili.