Marubani wa Swordfish katika Bahari Yetu

Kila Novemba, kikosi cha anga cha Jeshi la Majini la Uingereza huadhimisha Usiku wa Taranto. Usiku wa tarehe 11 Novemba 1940, ndege 21 aina ya Swordfish ziliruka kutoka manowari ya kubeba ndege Illustrious, zikapiga manowari kubwa tatu za Italia zikiwa bandarini. Ndege mbili tu hazikurudi. Mei iliyofuata, Swordfish za manowari Ark Royal zikavunja usukani wa manowari ya Kijerumani Bismarck, ikashindwa kukimbia, na kesho yake ikazama. Hadithi hizo mbili zimesimuliwa mno. Ipo nyingine, iliyopiganwa katika Bahari ya Hindi hii hii ya kwetu, na kwa maoni yangu imedhulumiwa.

Aprili 1942 Wajapani walishambulia Ceylon, wakazamisha Hermes, nayo manowari ya kubeba ndege. Waingereza wakasogeza sehemu ya meli zao magharibi, na Kilindini ikageuka kambi yao kubwa. Hofu yao sasa ilikuwa Diego Suarez, bandari pana ya kaskazini mwa Madagascar iliyoshikwa na Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Ujerumani. Nyambizi za Japani zingetia nanga pale, meli zinazopita Mlango wa Msumbiji kupeleka askari na silaha Misri na India zisingesalimika.

Alfajiri ya 5 Mei, Illustrious na mwenzake Indomitable zilirusha ndege zao kuishambulia Diego Suarez. Swordfish ilikuwa imepitwa na wakati tayari: mabawa mawili, moja juu ya jingine, yaliyovikwa kitambaa, na kasi ya takriban kilomita 230 tu kwa saa. Watu watatu walikaa wazi kwenye upepo: rubani, mwonyesha njia, na fundi wa redio aliyeshika pia bunduki ya nyuma. Chini ya tumbo ilining'inia topedo ya zaidi ya kilo 700. Ili kuitupa, rubani alishuka hadi karibu aguse maji, akanyoosha ndege bila kuyumba, huku mizinga yote ikimlenga. Akinusurika, alikuwa na kazi ya kuitafuta meli yake, ambayo haikumngoja pale alipoiacha, kisha kutua juu ya sitaha inayopanda na kushuka, ndoano ya mkiani inase waya za chuma. Sijui ujasiri unaoizidi kazi hiyo.

Asubuhi ile Swordfish ziliizamisha meli ya kivita Bougainville kwa topedo na nyambizi Bévéziers kwa mabomu ya kina. Nyingine zilidondosha karatasi za kuwataka Wafaransa wasalimu amri, na hata wanasesere wenye miavuli, ili watetezi wadhani askari wanashuka upande mwingine. Ndege aina ya Albacore za Indomitable zilishambulia uwanja wa ndege. Antsirane, mji wa bandari hiyo, ulitekwa tarehe 7. Mabaharia Wafaransa waliokufa wanastahili kukumbukwa pia. Walipigwa na watu waliokuwa washirika wao miaka miwili tu nyuma.

Hofu ya Waingereza haikuwa ya bure. Tarehe 30 Mei nyambizi ndogo ya Kijapani ilipenya katika bandari hiyo hiyo ya Diego Suarez, ikaijeruhi manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Pwani yetu, na hata bara, ikazidi kuingizwa vitani: Jeshi la Majini la Uingereza lilikuwa na viwanja vyake vya ndege, cha Tanga kikiitwa HMS Kilele na cha Nairobi HMS Korongo.

Karibu na Portsmouth, huko Lee-on-Solent, yamechongwa majina ya karibu watu 2,000 wa kikosi hicho cha anga wasio na kaburi linalojulikana. Wanaoyasoma waisome na Madagascar, na waisome pamoja na askari wetu. Maana Septemba 1942 ndege za Illustrious zililinda jeshi likishuka Majunga, na nyuma yake wakafuata King's African Rifles, Watanganyika na Wakenya na Wanyasa, walioteremka kusini kwa miguu na malori, wakiondoa miti na mawe yaliyoziba barabara, hadi Wafaransa waliposalimu amri mwezi Novemba.