Lenzi ya Babu, Kamera ya Leo

Mahafali yanakaribia na najua wengi mmeshaanza kuulizana nani atawapiga picha za kutuma nyumbani. Mpiga picha wa kukodi hapa Uingereza anataka hela ya kodi ya chumba, na lenzi mpya ya maana ndiyo usiseme. Wakati huohuo kila Jumamosi tunapita kwenye maduka ya hisani na kuziacha lenzi za chuma za enzi za filamu, zimelala kikapuni pamoja na saa mbovu.

Yangu ni Helios 44-2 ya milimita 58, iliyotengenezwa Muungano wa Sovieti kwa kamera za Zenit. Nilitoa pauni 35, na adapta pauni 12. Swali ninaloulizwa kila siku ni: "Sasa hiyo inaingiaje kwenye Sony?"

Jibu ni hesabu ya kutoa tu. Kila lenzi imeundwa ikae umbali maalumu kutoka kwenye filamu. Hizi za skrubu ya M42 zinataka milimita 45.46, maana kamera za zamani zilikuwa na kioo ndani kinachoruka juu kila ukipiga, nacho kilihitaji nafasi. Kamera za leo zisizo na kioo hicho ni nyembamba. Sony za mfumo wa E, zilizoanza 2010, zina milimita 18 tu kutoka mdomoni hadi kwenye sensa. Toa 18 kwenye 45.46, inabaki 27.46. Hiyo ndiyo adapta yenyewe: bomba la chuma, ndani hewa tupu. Haina umeme wala lenzi ya ziada, kwa hiyo haina cha kuharibu picha.

Ila mwenye Nikon ya kioo asikimbilie. Yake ina milimita 46.5, tayari imepita 45.46, sasa hilo bomba litakuwa na urefu gani? Chini ya sifuri! Atapata picha za karibu tu, au atauziwa adapta yenye lenzi ndogo ndani, na zile za bei poa hufifisha picha. Canon EF ina 44, hivyo pete nyembamba inatosha.

Kamera haitaitambua lenzi hii, kwa hiyo ingia kwenye menyu uiruhusu kupiga bila lenzi. Fokasi ni ya mkono. Washa ile rangi inayong'aa kwenye kingo za kitu kilicholengwa, kisha lenga jicho. Kwenye f/2 ukikosea kidogo unapata sikio safi na uso wa ukungu. Watu wakiwa wengi funga hadi f/5.6 au f/8. Jua likiwa mbele yako, kinga lenzi kwa mkono, maana vioo vya zamani hupauka upesi.

Na kama sensa yako ni ndogo, ile ya APS-C, 58 itaona kama 87. Tamu kwa picha ya sura, lakini kwenye chumba cha bweni utapiga ukiwa koridoni.

Kabla ya kulipa, mulika tochi kwa nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu. Irudishe kikapuni hata muuzaji akipunguza bei.

Adapta yangu ipo. Mwenye Sony aje aazime, ila airudishe kabla ya Ijumaa, nina harusi ya kupiga Leicester.