Majivu ya Bikini na Shingo za Watoto

Tarehe 1 Machi 1954, saa 12:45 asubuhi, Marekani ililipua bomu la haidrojeni lililoitwa Castle Bravo huko Bikini, Visiwa vya Marshall, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Wanasayansi walitarajia nguvu ya megatani 6 hivi. Zikatoka 15. Walidhani ni lithiamu 6 pekee itakayoshiriki katika mlipuko, kumbe lithiamu 7, ambayo ndiyo iliyokuwa nyingi zaidi ndani ya bomu, nayo ilishiriki.

Kosa hilo la hesabu hutajwa kila mara, na kwa sababu hiyo kisa chote huonekana kuwa ajali. Mimi sikubaliani. Usiku wa kuamkia siku hiyo, taarifa za hali ya hewa zilikuwa zimeshaonyesha kwamba pepo za juu zinageukia upande wa Rongelap, kisiwa chenye watu kilichoko mashariki mwa Bikini, umbali wa kilomita 150 na ushee. Mlipuko haukuahirishwa.

Bomu likilipuliwa karibu na ardhi, moto wake hunyonya udongo na mawe na kuvipandisha juu. Pale Bikini ardhi ni matumbawe. Matumbawe hayo yalisagika, yakayeyuka, yakagandana na masalia ya atomi zilizopasuka, yaani vitu vyenye mionzi mikali. Chembe nzito zilirudi chini ndani ya saa chache, zikafuata upepo. Chembe nyepesi zilipanda juu sana angani, zikazunguka dunia kwa miezi na miaka kabla ya kushuka na mvua.

Rongelap ilipata zile nzito. Unga mweupe ulianguka juu ya mapaa, juu ya vyakula, juu ya vichwa vya watu, na watoto wakauchezea. Uliingia kwenye matangi ya maji ya mvua, watu wakayanywa. Jioni walianza kutapika na kuwashwa ngozi. Baadaye ngozi zikaungua na nywele zikanyonyoka. Wamarekani 28 waliokuwa wakipima hali ya hewa katika kisiwa jirani cha Rongerik waliondolewa tarehe 2 Machi. Wenyeji wa Rongelap walisubiri hadi tarehe 3. Meli ya wavuvi Wajapani, Fukuryu Maru Namba 5, nayo ilinyeshewa majivu hayo ikiwa na mabaharia 23. Opereta wake wa redio, Kuboyama Aikichi, alifariki Septemba mwaka huohuo.

Kuungua na kutapika ni sehemu inayoonekana. Madhara yaliyokaa muda mrefu zaidi yalipitia mdomoni, na hapo ndipo ningependa msomaji aniazime masikio.

Miongoni mwa masalia ya mlipuko kuna iodini 131. Iodini ndiyo yale madini joto tunayoongezewa kwenye chumvi ili watu wasiote rovu. Tezi ya thairoidi, iliyoko mbele ya shingo, huyahitaji ili itengeneze homoni zinazosaidia ukuaji, na haina njia ya kutofautisha iodini salama na yenye mionzi. Ikipewa yoyote, huikusanya na kuihifadhi. Ng'ombe au mbuzi akila majani yaliyoangukiwa na vumbi hilo, iodini hutoka kwenye maziwa yake. Mtoto huyanywa kwa wingi kuliko mtu mzima, na tezi yake ni ndogo mno, kwa hiyo kiasi kilekile cha mionzi hujibana mahali padogo. Rongelap hakukuwa na ng'ombe. Maji ya kunywa na chakula kilichofunikwa na unga vilitosha.

Iodini 131 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8. Baada ya siku 80 hubaki kama sehemu moja ya elfu. Lakini ndani ya wiki hizo chache imeshajeruhi seli za tezi, na jeraha halionekani upesi. Uvimbe wa kwanza wa tezi Rongelap uligunduliwa mwaka 1963, miaka 9 baada ya majivu. Wengi wa watoto waliokuwa chini ya miaka 10 siku ile walipata matatizo ya tezi, na wavulana wawili waliokuwa wachanga walidumaa. Siku hizi kuna vidonge maalumu vya iodini vya kuishibisha tezi kabla mionzi haijafika. Chumvi ya mezani haifanyi kazi hiyo: kiasi kilichomo ni kidogo mno. Nalisisitiza hili kwa kuwa baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, mwaka 2011, watu nchini China waligombea chumvi madukani.

Iodini ikishaisha, hubaki vingine. Sesiamu 137 huchukua miaka 30 kupungua nusu, na mimea huidhania kuwa potasiamu. Udongo wa matumbawe una potasiamu kidogo, basi minazi, mishelisheli na mikadi huifyonza kwa pupa. Watu wa Rongelap walirudishwa kwao mwaka 1957, wakaambiwa ni salama, wakaanza kula nazi na mashelisheli ya shambani mwao. Madaktari wa Marekani waliwatembelea mwaka baada ya mwaka, wakiwapima na kuandika matokeo. Mwaka 1985 wenyeji wenyewe waliamua kuondoka, wakahamishwa na meli ya Rainbow Warrior ya shirika la mazingira la Greenpeace. Kuwarudisha watu mahali pale ili wale chakula kile, huku wakipimwa, ni jambo ambalo daktari yeyote anapaswa kulionea aibu.

Zile chembe nyepesi nazo zilifika mbali. Katika mji wa St. Louis, Marekani, kuanzia mwaka 1958 wanasayansi na kina mama walikusanya meno ya utotoni yaliyong'oka, yapata 300,000. Walikuta strontiamu 90, ambayo mwili huichukulia kama kalsiamu na kuijengea mifupa na meno, ikiongezeka kadiri majaribio yalivyozidi. Mwaka 1963 Marekani, Umoja wa Kisovieti na Uingereza zilikubaliana kuacha kulipua mabomu hewani. Ufaransa na China ziliendelea, na mlipuko wa mwisho hewani ulifanywa na China Oktoba 1980.

Leo Dar es Salaam ina kituo, mojawapo ya 80 vilivyopangwa duniani, kinachovuta hewa kupitia kichujio kwa saa 24. Kichujio huachwa kitulie siku nzima, kisha hupimwa kuona kama kimenasa chembe za aina hii. Vituo hivyo ni vya mkataba wa mwaka 1996 unaopiga marufuku majaribio yote ya nyuklia. Tanzania na Kenya zimeuridhia. Marekani, China, Misri, Iran na Israel zimetia saini bila kuridhia. India, Pakistan na Korea Kaskazini hazijatia hata saini. Urusi iliondoa ridhaa yake mwaka 2023. Mpaka nchi hizo tisa ziuridhie, mkataba huo hauwezi kuanza kutumika kisheria.