Kuvu Ukutani ni Adui wa Kifua

Katika nchi ya juu, kama vile Limuru, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, mvua za Machi hadi Mei hufuatwa na miezi ya baridi na mawingu. Wakati huo madoa meusi hutokea pembeni mwa chumba na nyuma ya kabati, na nguo hunuka uvundo. Wengi hudhani kwamba ni uchafu tu. Sivyo. Hiyo ni kuvu, nayo hutoa vijimbegu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huruka hewani na kuingia mapafuni.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari zaidi ya kukohoa, kuambukizwa maradhi ya kifua na kuzidiwa na pumu. Watoto wadogo huumia sana. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka 2 alifariki Desemba 2020, na mwaka 2022 uchunguzi wa kisheria ulithibitisha kwamba kuvu ya nyumbani mwao ndiyo iliyosababisha kifo chake.

Yafaa ifahamike kwamba kuvu haioti pasipo maji. Basi kulipaka doa rangi, na maji yangali yakiingia, ni kazi bure. Kwanza, tafuteni maji yatokako: bati lililotoboka, mfereji uliovunjika, au maji yatuamayo msingini. Mpangaji na amwarifu mwenye nyumba mapema. Pili, anikeni nguo nje, funikeni sufuria, na fungueni madirisha kila siku ili mvuke utoke. Tatu, acheni nafasi kati ya kabati na ukuta. Ndipo mfute kuvu kwa maji ya sabuni, mkiwa mmefunika pua na mdomo, kisha mkaushe ukuta. Godoro lililoota kuvu ndani litupwe.

Tena, mtu asikaushe chumba kwa jiko la makaa huku milango imefungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Mtoto apumuaye kwa shida apelekwe hospitali bila kukawia.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini asiyeziba tundu la bati hujenga ukuta, na kuuguza mtoto pia.